Uvimbe katika kidole tumbo: je, upasuaji wa pili unahitajika?

SWALI: Mdogo wangu alishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, upande wa kulia chini, akafanyiwa upasuaji na kuondolewa kidole tumbo. Wiki chache baadaye tuliitwa tena hospitalini, tukaambiwa kuwa maabara imeona uvimbe wa aina ya nyuroendokrini, yaani unaoanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, wenye milimita 8, kwenye ncha ya kidole hicho. Je, uvimbe huo ndio ulioleta ugonjwa, na je, atapasuliwa tena?

JIBU: Ndugu msomaji, nakupa pole kwa hofu iliyowapata, ingawa kipimo hicho cha milimita 8 kinatia moyo sana.

Kwa kawaida kidole tumbo huvimba baada ya njia yake nyembamba kuzibwa na kinyesi kilichokauka, au na tishu za kinga zilizotuna ukutani mwake. Ni mara chache chanzo huwa minyoo, mayai ya kichocho, kifua kikuu cha utumbo au kitu kilichomezwa. Mwaka 1735, jijini London, daktari Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri ya kinena, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini, akakiondoa. Ngiri ya namna hiyo ingali inaitwa kwa jina lake, na kidole kikiwa na usaha, madaktari wengi huiziba kwa nyuzi tu, kwa kuwa wavu wa kuimarishia misuli ukiingiwa na vijidudu huwa taabu kuutibu.

Uvimbe nao unaweza kuziba njia, hasa ukiota karibu na shina, pale kidole kinapoungana na utumbo mpana. Wa mdogo wako uko nchani, kwa hiyo yaelekea ulionekana kwa bahati tu, wakati kilichomfanya augue ni kingine. Ukiwa chini ya sentimita 1 na umetolewa wote, kuondoa kidole chenyewe kwa kawaida hutosha. Ukizidi sentimita 2, hushauriwa kukata sehemu ya kulia ya utumbo mpana pamoja na tezi za limfu zake. Kati ya vipimo hivyo viwili, uamuzi hutegemea kina ulichopenya na usafi wa kingo za mkato, yaani kama hazina seli za uvimbe. Uvimbe unaotoa ute ni habari nyingine: huo hutolewa kwa uangalifu mkubwa usipasuke, maana ute wenye seli zake ukimwagika unaweza kuenea tumboni kote.

Chanzo cha nadra hakijulikani mara nyingi kabla ya upasuaji, ndiyo maana naona ni kosa kutupa kidole kilichokatwa bila kukipeleka maabara, hata kama kwa macho kinaonekana cha kawaida. Yakionekana mayai ya kichocho au minyoo, mgonjwa bado anahitaji dawa, kwani kisu hakiondoi vimelea vilivyobaki mwilini.

Muombeni daktari nakala ya ripoti, kisha mumuulize kama kingo za mkato ni safi na kama uvimbe umepenya mafuta yanayokizunguka kidole.