Kabla hujabandika mozeiki ya kioo kwenye meza uliyoitengeneza mwenyewe, angalia ubao kwanza

Kwa nyie mnaoingia sasa hivi kwenye kazi ya kupamba meza, stuli na makabati kwa tailizi za kioo, zile ndogo za mozeiki, nina neno kabla hamjaenda Kariakoo kuchagua rangi. Kioo sio tatizo. Meza nyingi ninazoletewa nizirekebishe kioo chake kizima kabisa, hata mkwaruzo hakina, kilichoharibika ni ubao wa chini, umevimba au umejipinda, tailizi zimebanduka moja moja na gundi bado imeshika mgongoni. Mwenye meza analalamika kauziwa tailizi feki wakati tailizi hazina kosa lolote.

Mbao haitulii, hilo ndo la kwanza kulijua. Ukichukua mbao za mninga au mkongo au paini ukaziunga upana ukapata uso wa meza, masika zinanyonya unyevu zinatanuka, kiangazi zinasinyaa, na zinatanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana hata huoni. Kioo chenyewe unyevu haukigusi. Sasa una kitu kinachotembea chini na kitu kisichotembea juu, katikati kuna gundi na grauti, ule uji wa kuzibia nafasi kati ya tailizi, ndo zinavutwa huku na huku, ndo maana ukiona ufa umenyooka kama umepigwa rula katikati ya mozeiki ujue chini yake kuna mshono wa mbao mbili. Sisi wa huku pwani na hewa hii ya Dar hatuwezi kulikwepa hilo.

Kwahiyo tumieni plaiwudi. Ile marine, inayovumilia maji, ya milimita 18 ndo nzuri, tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, hili linazuia lile lisitembee. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inafaa kwa kitu cha kukaa sebuleni pakavu, na lazima uzibe kingo zote kwa sila, ile rangi ya kuzuia unyevu, maana pale ulipokata ndo panapokunywa maji, na ikishavimba hairudi tena. Chipbodi, ile ya chembe za mbao zilizogandishwa, msiiguse. Na mkipaka sila pakeni juu na chini, watu wengi wanapaka juu tu halafu wanashangaa ubao umejikunja, upande mmoja umezibwa mwingine unaendelea kunyonya, utaachaje kujikunja?

Halafu msikate ubao kabla hamjanunua tailizi. Nasisitiza hili kwasababu wengi wanaanza na meza, ikishakamilika ndo wanagundua pembeni imebaki nafasi ya nusu tailizi mzunguko mzima, hapo unakata vioo siku nzima na bado inaonekana mbaya. Vijitailizi hivi huuzwa vikiwa vimeunganishwa shiti shiti kwa wavu au karatasi, na shiti nyingi zina kama sentimita 30 kwa 30, vijitailizi vya sentimita 2 kwa 2, unene milimita 4, ila kila kiwanda na vipimo vyake, zinapishana milimita kadhaa. We nunua shiti zako, zitandaze sakafuni, acha kati ya shiti na shiti nafasi ileile iliyopo kati ya kijitailizi na kijitailizi, pima jumla, ndo ukate plaiwudi kwa kipimo hicho. Kumbuka na uzito, kioo cha milimita 4 ni kama kilo 10 kwa mita moja ya mraba, gundi na grauti bado, kwahiyo miguu myembamba ya stuli ya urembo haitafaa kwa meza kubwa.

Kingo nazo. Tailizi ya pembeni ikiachwa wazi inagongwa na kiti, inagongwa na ndoo, inang'oka, na ikishang'oka moja maji yanaingia zinafuata zingine. Zungushia fremu ya mbao iliyonyanyuka juu ya plaiwudi kiasi cha unene wa tailizi pamoja na gundi, ili kioo kikae ndani na uso wake uwe sawa na fremu. Wazee wetu wa pwani walilijua hili zamani sana, nenda kaangalie makaburi ya kale ya Kunduchi hapa Dar au Kaole kule Bagamoyo, zile sahani na bakuli za kaure hazikubandikwa juu ya ukuta, zilizamishwa ndani ya lipu ya chokaa ikashika ukingo wote. Nyingi leo hazipo, zimeng'olewa, ila vishimo vyake bado vinaonekana na kina chake unakiona kwa macho. Mimi kila mwanafunzi wangu namwambia akaangalie.

Gundi inategemea meza itakaa wapi. Ya ndani, pakavu, gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ikienda barazani au bafuni hiyo hapana, maji yanailainisha, hapo unaweka kwanza bodi ya simenti juu ya plaiwudi, unaifunga kwa skrubu, halafu unatumia gundi ya tailizi ya unga, iwe nyeupe na iwe ya aina inayovumilia kunyumbulika. Nyeupe kwasababu kioo kinapitisha mwanga, ukitumia ya kijivu bluu yako ya bahari inakuwa ya matope. Na ile mistari inayoachwa kwenye gundi na mwiko wa meno unapoitandaza, isawazishe kwa upande ulionyooka kabla hujalaza kioo, la sivyo itaonekana mpaka juu na hakuna wa kuifuta. Shiti yenye wavu, wavu unakaa chini. Shiti yenye karatasi, karatasi inakaa juu, unakuja kuilowanisha na kuibandua baadae. Nimeona watu wamegeuza, wamebandika karatasi chini, yaani meza nzima imeshikiliwa na karatasi.

Kukata, tafuta koleo lenye vigurudumu viwili, lipo kwa ajili ya kioo, praizi ya kawaida inapondaponda tu. Vaa miwani. Hata kipande kimoja, vaa miwani.

Grauti subiri mpaka kesho yake, gundi ikauke kwanza. Nafasi za milimita 2 zinataka grauti isiyo na mchanga, ile ya mchanga inaweza kuchubua kioo. Koroga iwe nzito, iache ipumzike dakika chache, koroga tena, isukume kwa mwiko wa mpira ukienda mshazari, usifuate mistari maana mwiko utaichimbua. Vaa glavu, simenti inaunguza ngozi taratibu hata usijue mpaka jioni. Ikianza kushika futa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, maji yakizidi unaidhoofisha na rangi inatoka mabaka. Ule ukungu mweupe unaobaki juu ya kioo usikutishe, siku ya pili futa kwa kitambaa kikavu unaondoka.

Ukimkabidhi mteja mwambie kabisa asisafishe kwa siki, limao wala dawa ya choo, asidi inakula grauti. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, na kahawa ikimwagika aifute hapohapo.