Jibu: Mume wangu anakata pumzi usingizini, tumeambiwa akatwe kimio

Pole sana dada. Umesema shemeji anakoroma, pumzi inakata, kisha anashtuka akitweta, na daktari amewaambia kimio kikatwe. Mimi nilikatwa miaka sita iliyopita. Soma kabla hamjalipa.

Usichanganye na kimio wanachokata waganga wa kienyeji kwa watoto wenye kikohozi. Ile ni hatari tupu. Ya hospitali unapigwa nusukaputi, wanatoa tonsili, wanapunguza kimio na kaakaa laini, kisha wanashona ili koo libaki wazi. Wiki mbili nilikunywa uji uliopoa na kila nikimeza mate machozi yananitoka. Siku za mwanzo hata maji yalikuwa yanarudi puani.

Kipimo cha usingizi kabla ya upasuaji kilionyesha pumzi inakata au kufifia mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 ni hali kali. Kukoroma kuliisha karibu kote, mke wangu akamshukuru Mungu. Lakini presha haikushuka, na nilikuwa bado nasinzia mchana kazini. Nilipopimwa tena baada ya miezi sita, 26. Kelele zimekwenda, ugonjwa umebaki!

Daktari mwingine wa masikio, pua na koo alinilaza kwa dawa, akapitisha kamera puani aone njia inazibia wapi. Shina la ulimi lilikuwa linaangukia nyuma. Kaakaa halikuwa peke yake. Hicho ndicho kipimo kilichopaswa kutangulia kisu, na hili bado linaniuma.

Baadaye nilinyooshwa ukuta wa pua. Haukuniponya, ila sasa naivumilia usiku kucha mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, na presha imetulia.

Upo pia upasuaji wa kusogeza mataya yote mawili mbele. Unasaidia sana, lakini ni mkubwa. Marekani tangu 2014 wameidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani kusisimua neva ya ulimi. Kwa watoto ni habari tofauti: mwanangu alitolewa tonsili na nyama za puani, akapona kabisa.

Muulizeni daktari: shemeji amepimwa usingizi? Njia inazibia wapi, na amejuaje? Mashine ameshaijaribu? Mkiamua kisu, mtu wa nusukaputi aambiwe mapema kwamba pumzi yake hukata, maana dawa zile hulegeza koo zaidi.