Chuki tusiitembeze, watoto tuwajibu

Mhariri, wiki hii mmeuliza tufanye nini ili sauti za watoto zenye matumaini zisikike kuliko maneno ya chuki mitandaoni. Mimi naanza na sisi watu wazima, maana chuki haina miguu. Tunaitembeza sisi, tena mara nyingi kwa nia njema.

Mtu anakutana na posti inayotukana kabila au dini ya wenzake. Damu inamchemka, anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye makundi yote: "Jamani, hebu mwoneni huyu!" Hasira yake ni ya haki kabisa. Lakini mitambo inayopanga kipi kionekane kwanza hufuata zaidi wingi wa wanaobonyeza kuliko sababu ya kubonyeza. Mwaka 2017 Facebook iliamua kwamba alama za hisia, ukiwemo uso wenye hasira, zihesabiwe mara 5 ya alama ya kupenda. Uzito wa hasira ulipunguzwa baadaye hadi ukafutwa mwaka 2020. Fikiria ni wangapi, katika kipindi hicho, walibonyeza uso ule kulaani jambo, kumbe wanalipandisha juu. Posti ya chuki iripoti, kisha uipite.

Sasa mtoto. Mimi ni mwalimu, na kuna klipu moja siisahau: msichana mdogo ameshika mchoro wa penseli, anaeleza jinsi atakavyojenga njia ya mteremko ili rafiki yake mwenye kiti cha magurudumu aingie maktaba bila kubebwa. Alionyesha kwa kidole hata mahali pa kujishikilia. Chini yake, watu walikuwa wanacheka lafudhi yake. Waliopendezwa walimwekea alama ya moyo, wakaenda zao. Hili linaniuma sana. Anayetukana tunamwandikia aya tatu za kumjibu, mtoto mwenye wazo tunamwachia kikopa. Watu kumi tu wangemuuliza mteremko wake utakuwa na urefu gani, mazungumzo yangekuwa juu ya maktaba, na wenye kejeli wangekosa nafasi.

Ila kusikika kusimponze. Malala Yousafzai, msichana wa Pakistan aliyetetea elimu ya wasichana, alipoanza kuandika shajara kwa ajili ya BBC Idhaa ya Kiurdu mwaka 2009, akiwa na miaka 11, alitumia jina la Gul Makai, na maneno yake yalifika mbali bila sura yake. Jina lake halisi lilikuja kujulikana, na mwaka 2012 akapigwa risasi. Wazo la mtoto linaweza kusafiri bila jina, bila sare ya shule, bila kuonyesha anapoishi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa haki ya kutoa maoni yake katika Kifungu cha 12, na haki ya faragha katika Kifungu cha 16. Mzazi anayemrekodi mwanawe ili apate wafuasi anazikanyaga zote mbili. Mtoto aulizwe kwanza, na akitaka klipu ifutwe mwezi ujao, ifutwe bila mabishano.

Nanyi gazetini nawaomba mtenge ukurasa mmoja wa watoto katika kila toleo, maoni yapitiwe kabla hayajachapishwa, na wasomaji wakubwa waalikwe kuwajibu kwa barua kamili. Wanafunzi wenye la kusema ninao, na wengi wameshaanza kuandika.