Usifomati seva ya zamani kabla mpya haijafungua barua za zamani

Mkuu, simama hapohapo. Umesema una bakapu ya folda ya store na dampo la MySQL (nakala ya hifadhidata), unataka kuirudisha Piler, programu ya kutunza kumbukumbu za barua pepe, kwenye mashine nyingine yenye Linux mpya zaidi, na ile ya zamani unaifomati Ijumaa ili diski zake zikafanye kazi nyingine. Ukaongeza maswali ya RAM, jina la seva na mengineyo. Hayo baadaye. Mimi nauliza moja tu: piler.key iko wapi?

Maana kwenye orodha yako sijaiona, na orodha yangu mimi ilikuwa hivyohivyo.

Piler haiweki barua kama zilivyoingia. Inazibana, inazisimba, ndipo inaziandika ndani ya /var/piler/store: faili za .m ni barua zenyewe, za .a1, .a2 na kuendelea ni viambatisho. Ufunguo wa kuzifungulia ndiyo hiyo piler.key, kifaili cha baiti 56. Kwa kawaida kipo /etc/piler, kwenye matoleo ya zamani /usr/local/etc. Baiti 56! Sentensi hii unayoisoma sasa ni ndefu kuliko huo ufunguo. Na hakimo ndani ya store, hakimo ndani ya MySQL. Ukihama na hivyo viwili tu, umebeba kasiki bila ufunguo.

Sasa subiri utamu wake. Ukisakinisha Piler upya, usakinishaji unatengeneza piler.key mpya. Haukuulizi kitu, haulalamiki, taa zote kijani. Mimi niliingia, nikatafuta neno "mkataba", majibu yakamwagika: mtumaji, mpokeaji, tarehe, kichwa cha barua, vyote sahihi. Hivyo vinatoka kwenye MySQL na faharasa ya utafutaji, ambazo hazihitaji ufunguo ule. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia bosi: kazi imekwisha. Nikafomati ile ya zamani. Siku hiyo hata kutembea nilitembea kama mtu mwenye cheo.

Halafu mhasibu akabofya barua. Kichwa kipo, mwili hakuna. Akabofya nyingine, vilevile. Zilizoingia baada ya kuhama zinafunguka bila shida, za kabla ya hapo haifunguki hata moja.

Na yule mtaalamu tuliyemlipa atushauri, jina silitaji, alituandikia kwa mkono wake kwamba data zote ziko /var/piler na MySQL, "kule /etc ni mipangilio tu, itajitengeneza yenyewe". Kweli ilijitengeneza, hapo hakukosea! Nilipompigia akasema niendeshe reindex -a. Ndugu yangu, reindex inajenga faharasa kwa kusoma barua, na barua hazisomeki, itasoma nini? Nikaiendesha hata hivyo, mfa maji haachi kutapatapa. Ndipo akaniuliza kwa upole kama nina bakapu ya /etc. Swali zuri kweli, angeniuliza kabla sijafomati. Ankara yake ya ushauri, hata hivyo, ilifika kwa wakati.

Usije ukadhani utakisia ufunguo. Ni baiti za nasibu tupu, watazeeka wajukuu zako wakikisia.

Kilichookoka ni barua zilizokuwa bado kwenye visanduku vya watu. Nilizivuta nikaziingiza upya kwa pilerimport, amri ya Piler ya kuingiza barua. Za walioacha kazi, ambazo ndizo hasa huwa zinatafutwa, zipo kwenye diski mpaka leo, hazisomeki. Sijazifuta. Usiniulize kwa nini.

Kwa hiyo mashine ya zamani HAIGUSWI mpaka mpya ifungue barua za zamani. Siyo kuziona kwenye orodha, nilishakwambia orodha inadanganya. Fungua, soma mwili, pakua kiambatisho, nacho kifungue. Chukua za mwaka wa kwanza, za katikati, na za siku ya mwisho kabla ya kuhama.

Utaratibu wenyewe: sakinisha, simamisha huduma ya Piler, weka piler.key ya zamani juu ya ile mpya kabla barua yoyote haijaingia. Ikipenya hata moja imesimbwa kwa ufunguo mwingine, na Piler inatumia mmoja tu. Kisha rudisha MySQL, leta store kwa rsync (amri ya kunakili faili), halafu ipe umiliki mtumiaji piler kwa chown -R piler:piler, kwa sababu namba ya mtumiaji piler kwenye mashine mpya inaweza kuwa tofauti. Reindex baada ya hapo, sasa ina cha kusoma. Dampo lichukue huduma ikiwa imesimama, na usiogope kuisimamisha: kama barua zako zinapita Postfix, seva ya barua, nakala zinazokwenda Piler zitangoja kwenye foleni, kwa mipangilio yake ya kawaida hadi siku 5.

Nakala ya ufunguo iweke mbali na bakapu ya store. Vikikaa pamoja, atakayeiba diski moja kapata vyote.

RAM sikumbuki ulisema unayo ngapi. Sasa hivi, kabla hujanijibu chochote, ingia kwenye ile ya zamani, piga ls -l /etc/piler/piler.key (au /usr/local/etc/piler.key kama toleo ni la zamani), uniambie kama faili lipo na kama ukubwa ni 56. Ukubwa tu. Yaliyomo usiyabandike popote.