Maswali na Majibu: Uji wa Shule, Dawa za Kichocho na Chumvi ya Mawe

Swali: Shule ya wanangu hapa Makorora imetuita kikaoni na kututaka tuchangie mahindi, sukari na kuni za uji. Si tuliambiwa kwamba elimu ni bure? (Mzazi, Tanga)

Jibu: Kilichofutwa mwaka 2016 ni ada, si njaa. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la mzazi, ingawa hakuna mwalimu mwenye ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia, na atakayefanya hivyo apelekwe kwa afisa elimu. Lakini ninyi mnaoniandikia swali hili kila muhula ndio haohao mnaolipia tuisheni ya jioni bila kunung'unika. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi, akakaa hadi saa nane bila kutia kitu kinywani, jioni atafundishwa nini akaelewa? Fedha hiyo ingeanzia kwenye sufuria.

Mkifika kikaoni, ulizeni mahindi yatahifadhiwa wapi. Hewa ya pwani ina unyevu, na mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu unaoweza kuzalisha sumukuvu, ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa iliyo mikavu kuliko wetu. Magunia yapangwe juu ya vichanja, yasiguse sakafu wala ukuta, na punje zilizovunda zitupwe, zisipelekwe mashineni kwa kisingizio cha kuogopa hasara. Karanga za kuungia uji zichambuliwe vivyo hivyo.

Swali: Mwanangu alitapika baada ya kumeza dawa za kichocho shuleni, na watu wanasema zinaharibu uzazi. Safari ijayo nimbakize nyumbani? (Mama wa watoto wawili, Muheza)

Jibu: Usimbakize. Kila dawa hizi zinapogawiwa huletewa swali hili, na kila mara mwulizaji amelisikia kwa "watu". Dawa haiharibu uzazi. Kinachoweza kuuharibu ni kichocho chenyewe, kwa kuwa mayai ya minyoo yake hunasa katika kibofu na, kwa wasichana, katika njia ya uzazi. Kutapika na kuumwa tumbo huwapata zaidi waliomeza prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe ya kichocho, bila kula, na hapo lawama ni ya shule iliyogawa dawa kwa watoto wenye njaa. Ipikwe uji asubuhi hiyo, au wazazi waarifiwe mapema. Jueni pia kwamba dawa haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi kuogelea kwenye bwawa au kijito chenye konokono. Baharini konokono hao hawaishi.

Swali: Ni dawa gani ya maji inayoongeza akili kabla ya mtihani wa darasa la saba? (Baba, Korogwe)

Jibu: Hakuna. Nunua mayai.

Swali: Nina mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye kila anachonakili ubaoni hukosea, lakini nikimsomea kwa sauti hujibu vizuri. Mzazi wake ananiambia nimchape, ni mvivu. (Mwalimu, Bagamoyo)

Jibu: Umekwisha kulijibu swali lako mwenyewe: yaelekea haoni vizuri. Mhamishie dawati la mbele leo, kisha mwite mzazi ampeleke hospitali akapimwe macho. Fimbo iweke kando.

Swali: Mimi ni mpishi wa shule. Tunanunua chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya hapahapa kwa kuwa ni rahisi. Ina ubaya? (Mpishi, Pangani)

Jibu: Ina upungufu. Watu wa pwani hujidanganya kwamba chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha, ilhali ile inayotoka shambani moja kwa moja haijaongezewa madini hayo, nayo sheria inataka chumvi ya kula iongezewe. Upungufu wake hauishii kwenye uvimbe wa shingo. Huudumaza ubongo wa mtoto, na hilo hakuna mwalimu wa kulirekebisha. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Tofauti ya bei, kamati iitoe kwenye fedha za mapambo ya mahafali.