Kulinda kromu ya ndani unapobadilisha taa za mbele

Umeuliza jinsi ya kupaka fremu ya ndani ya taa rangi nyeusi bila kuharibu kromu iliyo nyuma ya balbu. Kwanza ujue kwamba ile si kromu ya chuma kama ya bampa za zamani. Mara nyingi ni utando wa alumini, mwembamba kuliko maikromita moja, uliowekwa juu ya plastiki, na ndiyo maana kitambaa kinachoonekana laini kabisa huuachia mikwaruzo isiyoondoka. Usiuguse kwa vidole wala kuusugua. Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mkono, na ukiona doa dogo, heri uliache lilivyo kuliko kulifukuza kwa asetoni au dawa ya vioo yenye amonia.

Ikiwa fremu inafunguka kwa skrubu, itoe na uipake rangi ikiwa mbali na kiakisi (sehemu yenye ile kromu, inayorudisha mwanga mbele), kwa sababu tepu ya karatasi ikibandikwa moja kwa moja juu ya kromu inaweza kung'oka pamoja nayo. Ikiwa haitoki, funika kiakisi kwa plastiki safi bila kuibana, kisha tepu uishikize kwenye kingo zisizong'aa.

Wengi husahau hatari ya gundi ya papo hapo (super glue): mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kromu, hata kama tone halikuigusa, kwa hiyo usiitumie ndani ya taa. Rangi nayo iache ikauke kabisa, ikiwezekana siku kadhaa, kabla ya kurudisha kioo cha mbele cha taa.