Ile 54 Ilitoka Kwenye Karatasi Yangu

Jumamosi iliyopita nilikaa benchi la nyuma katika ukumbi wa shule moja hapa Mombasa, nikisikiliza robo fainali ya mashindano ya midahalo. Mada mnaijua, mwaka haupiti bila kurudi: serikali iruhusiwe kufuatilia mawasiliano ya raia kwa ajili ya usalama wa taifa. Haikutimia saa nzima nikawa nimeshayasikia makosa yale yale tuliyoyafanya sisi, tena kwa mpangilio ule ule, na moja kati yake likanitoa jasho. Nitalifikia. Nawaandikia nyinyi mlioingia klabu mwaka huu kwa sababu nawapenda, na kwa sababu subira yangu imefika ukingoni.

1. Acheni kufungua na "usalama au uhuru, kipi bora?"

Mtetezi anasimama, anasema maiti hana uhuru. Mpinzani naye anasimama, anasema mtumwa hana usalama. Makofi, kengele, na mada haijaguswa. Katiba yetu ya 2010 haikutuomba tuchague. Ibara ya 31 inalinda faragha, na mawasiliano yametajwa humo. Ibara ya 24 inakubali haki kuwekewa mipaka, ila iwe kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na baada ya kuuliza kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Ibara ya 238 inataka usalama wa taifa wenyewe utafutwe kwa kuheshimu sheria na haki za binadamu. Kilichobaki cha kubishania ni kidogo na kigumu. Nani anatia saini kabla simu ya mtu haijasikilizwa, jaji au mkubwa wa hao hao wanaotaka kusikiliza? Rekodi zinakaa muda gani? Nani anawakagua? Raia ataambiwa lini? Chagueni maswali mawili muyachimbe, maana dakika saba hazitoshi hata moja.

Mkikutana na timu za Tanga au Dar msiwabebee Ibara ya 31 yetu. Kwenye Katiba ya Tanzania ya 1977 faragha iko Ibara ya 16 na mipaka ya haki iko Ibara ya 30, na kesi wanayoijua vizuri kuhusu mipaka hiyo ni ya Kukutia Ole Pumbun ya mwaka 1993.

2. Kesi isomwe mpaka mahakama ya mwisho.

Binti mmoja wa upande wa upinzani alisimama Jumamosi, sauti nzuri, macho kwa waamuzi, akasema: "Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitupilia mbali sheria ya usalama, kwa hiyo ufuatiliaji ni haramu." Nilitaka kunyanyuka pale benchini. Sheria anayoisema ilitiwa saini Desemba 2014, wakati Mandera bado inalia: watu 28 walioshushwa kwenye basi wakauawa mwezi Novemba, kisha 36 machimboni siku kumi baadaye. Majaji watano walitoa hukumu tarehe 23 Februari 2015, na kweli walivifuta vifungu vinane, kikiwemo kile cha kuwawekea wakimbizi kikomo cha watu 150,000. Lakini kile cha kunasa mawasiliano, kilichoingia kwenye sheria ya kuzuia ugaidi kama kifungu cha 36A, walikiacha. Walikubali kwamba kinabana faragha, wakasema mbano huo unahalalika kwa sababu ya ugaidi. Mpinzani akiitaja kesi hiyo kama ushindi wake, amempa mtetezi kisu na kumshikia shingo. Bahati yake watetezi wa Jumamosi nao walikuwa hawajaisoma.

Kesi ya ule mfumo wa kusimamia vifaa, ambao Mamlaka ya Mawasiliano ilisema ni wa kukamata simu bandia na waliokwenda mahakamani wakahofia ungepeleleza simu za watu, imekwenda vivyo hivyo. Mahakama Kuu iliuzuia mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ikaigeuza hukumu hiyo mwaka 2020, na mwaka 2023 rufaa ikagonga mwamba Mahakama ya Juu. Nyinyi bado mnanukuu ya 2018.

3. Rekodi za simu zielezeni mpaka bibi aliye safu ya mbele aelewe.

"Hawasikilizi maneno, wanachukua rekodi tu." Hilo watetezi wanalipenda, na wapinzani hulijibu kwa misamiati ya kompyuta hadi mtunza muda anasinzia. Semeni hivi. Saa tisa usiku, namba ya Kisauni imepiga hospitali. Saa tisa na robo imempigia kaka aliye Muscat, wameongea dakika ishirini na mbili. Saa kumi na moja na nusu imempigia imamu wa msikiti. Hukusikia hata neno, lakini umeshajua nyumba ile ina msiba, unajua ni ya nani, na unajua nani atapanda ndege leo.

4. Ukiwa mpinzani, anza na waliokufa.

Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, watu 67. Chuo kikuu cha Garissa, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika lenu waliokuwa wamelala mabwenini. Mpinzani anayepita juu ya majina hayo kama mtu anayeruka dimbwi hastahili kusikilizwa, nami nisingempa alama. Yatajeni kwa heshima, na mkishayataja mna haki ya kuuliza kwa sauti ya chini: siku ile ya Garissa tulipungukiwa taarifa, au tulipungukiwa mwendo? Shambulio lilianza kabla jua halijachomoza, kikosi maalumu cha Recce kikafika mchana. Sheria ya kunasa simu ilikuwepo wakati huo, na ilikuwa imeshapita mahakamani.

5. Ifuateni takwimu mpaka kwa mama yake.

Hapa ndipo nilipotokwa na jasho. Kijana wa kidato cha tatu, mtetezi wa pili, alinyoosha mkono akasema: "Matukio hamsini na manne ya kigaidi, waheshimiwa, yamezuiwa na Marekani. Yote kwa rekodi za simu!" Lile "yote" alilivuta kidogo. Mvuto ule naujua, ni wangu.

Mwaka 2015, miezi michache baada ya Garissa, nilikuwa mwaka wa pili chuoni na timu yetu ilifika fainali. Tulikuwa watetezi. Nilikuwa na fulskepu moja niliyoiandika kwa siku tatu, na katikati yake namba 54, nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu mara tatu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Niliitoa kwenye makala fulani ya intaneti ambayo sikuisoma hadi mwisho. Nilijua tu kwamba Keith Alexander, mkuu wa NSA, shirika la Marekani la kupeleleza mawasiliano, aliitaja mwaka 2013 baada ya Edward Snowden kufichua siri zao, na kwamba ilisikika vizuri.

Nilipoitaja, dada mmoja wa upinzani alisimama. "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti!" Nikapokea. Akauliza kwa upole kabisa: "Mzungumzaji atuambie, katika hayo 54, ni mangapi yaliyozuiwa kwa rekodi za simu peke yake?"

Sikujua. Ningeweza kusema sijui, nikapoteza alama mbili, nikaendelea na hoja ya pili. Nikamtazama usoni nikasema, "Yote. Yote hamsini na manne." Ukumbi ukapiga makofi. Nilimwona mwamuzi wa katikati akiandika kitu. Yule dada alibaki amesimama kidogo kuliko inavyoruhusiwa, kisha akakaa.

Tulishinda. Mwamuzi yule yule alisema kwenye maoni yake kwamba timu zilikaribiana sana na takwimu ile ndiyo iliyozitenganisha. Nje, tulipokuwa tunakunywa ukwaju, yule dada alinifuata akaniuliza: "Ulijua?" Nikamjibu, "Nilijua." Huo ukawa uongo wa pili. Mkono ulinitetemeka, ukwaju ukamwagikia ile fulskepu, ukaacha doa kwenye kona ya chini. Kwenye matatu nikirudi nyumbani, nikiwa nimepakata kombe, nilitoa kalamu nikaandika chini ya lile duara, kwa ajili ya wadogo watakaonifuata: "Wakiuliza, jibu: YOTE."

Usiku nikatafuta. Haikuchukua hata nusu saa. Hayo 54 yalijumlisha programu za upelelezi zaidi ya moja na nchi zaidi ya 20. Oktoba 2013, mbele ya kamati ya Seneti, Seneta Patrick Leahy alimbana Alexander, naye akakubali kwamba ni 13 tu yaliyohusiana na ardhi ya Marekani, na kwamba rekodi za simu zilikuwa na uzito kwenye moja, labda mawili. Januari 2014 bodi yao ya kusimamia faragha ikasema haikupata hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambalo programu ya rekodi za simu ilibadilisha matokeo ya uchunguzi. Yote haya yalikuwa wazi zaidi ya mwaka mzima kabla sijasimama.

Na lile moja lililobaki? Ilikuwa kesi ya Basaaly Moalin, dereva teksi Msomali wa San Diego, aliyetiwa hatiani yeye na wenzake kwa kupeleka dola 8,500 kwa al-Shabaab. Bomu halikuwemo, ni fedha zilizovuka bahari kuja huku kwa jirani zetu. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya huko ilisema ukusanyaji ule wa rekodi ulivunja sheria, na kwamba picha waliyopewa watu kuhusu umuhimu wake haiafikiani na yaliyomo kwenye kumbukumbu za siri. Hukumu dhidi ya washtakiwa ilibaki, na mkiitaja kesi hii semeni hilo pia. Lakini linganisheni na nilivyosema mimi mbele ya watu mia mbili.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya hayo. Mwaka 2014 iliripotiwa, kutokana na nyaraka za Snowden, kwamba NSA ilikuwa ikikusanya pia rekodi za simu za Kenya. Mama yangu alikuwa akiniamsha alfajiri kwa simu kila siku ya mtihani. Nilisimama nikausifu wavu ambao yeye alikuwa ndani yake, kwa namba niliyoibuni maana yake papo hapo, nikapewa kombe.

Sikumwambia mtu. Mwaka uliofuata niliiacha ile fulskepu kwenye jalada la klabu pamoja na noti nyingine. Sikuikata ile namba wala sikulifuta lile "YOTE". Nilijiambia nani atasoma karatasi yenye doa.

Jumamosi, baada ya matokeo, nilimfuata yule kijana nikamuuliza 54 kaitoa wapi. Akafungua simu kwa fahari. "Hizi ni noti za mabingwa, Mwalimu. Zinazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp." Picha ilikuwa imefifia kwa kupigwa picha juu ya picha, lakini duara lilikuwepo, na doa la ukwaju kwenye kona ya chini.

Nilimwambia palepale, mbele ya wenzake, yote kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na yule dada, alijua?"

Alijua. Nililiona usoni mwake aliposimama, na ndiyo maana nilipaza sauti.

6. Madogo madogo, kwa haraka.

"Asiye na la kuficha hana la kuogopa" ni marufuku kwenye klabu hii kuanzia leo. Na wewe mpinzani usimjibu mtu kwa kumwomba akukabidhi simu yake. Waamuzi wameshauona mchezo huo mara mia. Ukipinga, leta kinga mbadala: Afrika Kusini mwaka 2021 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya amaBhungane, kituo cha waandishi wa habari za uchunguzi, iliagiza aliyefuatiliwa ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, na hoja hiyo sijasikia mtu akiitumia hapa hata mara moja. Ukiwa mtetezi, usimwite mpinzani rafiki wa magaidi. Kuna watoto ukumbini ambao kaka zao walichukuliwa usiku na hawajarudi. Jibu la "sijui, nitalitafuta" linaruhusiwa, na kwenye mazoezi yangu halitakatwa alama.

Nimewaandikia waandaaji wa mashindano kuhusu ile fainali ya 2015, na kombe nimelitoa kabatini. Yule dada nimempigia wiki hii. Tuliyoyazungumza yatabaki kwetu. Fulskepu mpya nimeiandika: juu 54, chini yake 13, chini yake moja, na pembeni ya kila namba nani aliisema, lini na mbele ya nani. Itawekwa kwenye kundi leo jioni. Wenye ile ya zamani wasiifute. Ipigeni mstari kwa kalamu yenu wenyewe, mje nayo Jumamosi saa tatu, pamoja na Ibara ya 24 mkiwa mmeisoma yote, mpaka vijisehemu vyake.